Pampu mpya ya petroli: saa 20 za kwanza, na namna ya kutafuta tatizo ikigoma

Leo tunaacha mbegu na viuatilifu pembeni kidogo. Tunaongelea pampu ya maji ya petroli, hizi za inchi 2 na inchi 3 ambazo karibu kila kijana anayelima vitunguu, nyanya au tikiti maji kiangazi anayo, au anadunduliza aipate.

Nianze na kisa. Kiangazi fulani nilipigiwa simu alfajiri na kijana mmoja wa upande wa Ruaha Mbuyuni. "Shikamoo bwana shamba, pampu imekufa." Pampu yenyewe ilikuwa na siku mbili tangu itoke kwenye boksi. Alikuwa na ekari mbili za vitunguu vilivyoanza kutunga, na mnajua kitunguu kikikosa maji wakati huo hakikusubiri. Nilipofika nikavuta kamba ya kuwashia, haikusogea hata kidogo. Imejam. Nikafungua kifuniko cha oili, nikachomoa kijiti cha kupimia: kikavu, kinang'aa kama kijiko kipya.

Nikamuuliza, "Uliweka oili?" Akasema dukani walimwambia iko tayari, aweke mafuta tu awashe. Na yeye aliweka mafuta. Petroli, tanki limejaa.

Mnaona shida ilipo? Kwetu petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, oili ni mafuta, hata ya kukaangia chapati ni mafuta. Muuzaji alisema neno moja, kijana akasikia lake, injini ikafa. Injini nyingi za aina hii husafirishwa bila oili ndani. Huwa kuna karatasi au stika inayosema hivyo, ila imeandikwa kwa lugha ambayo wengi wetu tunairukaruka. Kwa hiyo katika somo hili lote sitasema "mafuta". Nitasema petroli, au nitasema oili. Na wewe ukienda dukani, au ukimwagiza kijana wa kibarua, sema hivyohivyo.

Vitunguu vilinusurika, maana jirani alimwazima pampu yake usiku kwa usiku. Lakini injini ilibidi anunue nyingine, na faida ya ekari moja ikaishia humo.

Kabla hujaondoka dukani

Fungua boksi palepale kaunta. Angalia kama kuna chujio la kuweka majini, viunganishi vya mipira, gasketi zake za mpira, klipu za kubania, spana ya plagi na kitabu. Vitu hivi vidogo ndivyo vinavyopotea, na bila gasketi moja ya bei ya soda pampu nzima haivuti maji.

Soma kibandiko cha pampu. Utaona namba tatu: lita ngapi kwa dakika, inasukuma juu mita ngapi, na inanyonya kutoka chini mita ngapi. Vijana wengi wanasoma mbili za kwanza wanafurahi. Kwanza, hizo mbili hazipatikani kwa pamoja. Pampu inayosema lita 1,000 kwa dakika na mita 30 kwenda juu, ikifika kwenye hizo mita 30 haitoi kitu. Maji yanakuwa yamesimama tu ndani ya mpira. Pili, namba inayoamua kama pampu itafanya kazi shambani kwako ni ile ya tatu, ya kunyonya. Nitairudia huko mbele, maana ina mambo yake.

Muuzaji akitaka kukuwashia ili uone inaunguruma, mwambie ahsante, aweke oili kwanza, na ajaze maji kwenye nyumba ya pampu. Ndani mule kuna sili inayozuia maji yasiingie upande wa injini. Sili hiyo hupozwa na maji hayohayo yanayopita. Ikizunguka bila maji inaungua. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu pampu yangu ya kwanza niliiua hivyo, miaka ile sijui kitu. Niliwasha nyumbani ili majirani wasikie. Kesho yake shambani maji yakawa yanadondoka kati ya pampu na injini, tone, tone, tone, mpaka nilipobadilisha sili.

Dai risiti ya EFD na kadi ya udhamini, vitunze mahali pamoja na kitabu.

Oili na petroli

Weka pampu mahali tambarare. Hapana, sio "panaelekea kuwa tambarare". Tambarare. Ikiinama kidogo tu, kipimo cha oili kinakudanganya.

Injini za nguvu farasi 5.5 hadi 6.5, ambazo ndizo nyingi, huchukua oili karibu lita 0.6. Zile unazoziona zimeandikwa SAE 30 au 10W-30 ndizo zinazotajwa mara nyingi kwenye vitabu vyake. Nunua oili ya injini ya mipigo minne. Ile oili ya kuchanganya kwenye petroli ya msumeno au pikipiki za zamani sio yake, na humu hakuna kuchanganya: oili inakaa chini kwenye injini, petroli inakaa juu kwenye tanki, havikutani. Kama injini ina kifuniko chenye kijiti cha kupimia chini karibu na kitako, basi ni ya mipigo minne.

Mimina kidogokidogo. Kwenye injini nyingi za aina hii unapima kwa kuchomeka kijiti bila kukizungusha kwenye nati zake. Oili ikifika usawa wa mdomo wa tundu, acha. Wengine wanaongeza "kidogo ya akiba". Akiba hiyo hupanda mpaka kwenye chujio la hewa, injini inatoa moshi wa bluu na wewe unadhani imekufa ringi.

Petroli chukua sheli, kwenye chombo kisafi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Ile ya kwenye chupa kando ya barabara hujui imechanganywa na nini, na mara nyingi kuna maji chini. Chuja unapomimina. Usijaze mpaka mdomoni, na usijaze injini ikiwa moto. Ekzosi ina joto la kutosha kuwasha mvuke wa petroli bila kiberiti. Vilevile usiiweke juu ya nyasi kavu, fyeka kwanza.

Kuiweka na kuiwasha mara ya kwanza

Pampu ikae karibu na maji kadiri inavyowezekana, mpira wa kunyonyea uwe mfupi. Kuusukuma mbali ni rahisi kwa pampu, kuyavuta ndiyo kazi. Ukiwa na mita 60 kutoka mtoni hadi shambani, zote ziwe upande wa kutolea maji. Mpira wa kunyonyea ni ule mgumu wenye uti wa mduara. Ule laini unaokunjwa hujibana wenyewe pampu inapovuta.

Chujio lizame kabisa majini lakini lisiguse tope. Lifunge juu ya jiwe au lining'inize ndani ya ndoo iliyotobolewa. Kila kiunganishi kiwe na gasketi yake, kisha kaza klipu. Jaza maji kwenye nyumba ya pampu kupitia tundu la juu mpaka yafurike, funga.

Sasa: fungua koki ya petroli, funga choki kama injini ni ya baridi, weka swichi, resi weka kidogo. Vuta kamba polepole mpaka ukutane na uzito, irudishe, halafu vuta kwa nguvu mara moja. Usiiachie irudi yenyewe kwa kasi, isindikize kwa mkono. Ikiwaka, fungua choki taratibu. Maji yasipotoka ndani ya dakika chache, zima. Usikae kuisubiri na kuiombea.

Kuzoesha injini

Hapa ndipo kila fundi ana dini yake. Mmoja atakwambia iache iungurume siku nzima bila kazi. Mwingine atakwambia ibane resi mwisho izoee shida mapema. Wote wawili wanakosea, na nieleze kwa nini ili usilazimike kuniamini tu.

Ukuta wa silinda mpya una mikwaruzo midogo sana iliyoachwa kiwandani makusudi. Ringi za pistoni nazo hazijakaa sawasawa na ukuta huo. Saa za kwanza za kazi ndizo zinazosugua vitu hivi viwili vikaelewana. Ili visuguane vizuri ringi zinahitaji kusukumwa na mgandamizo, yaani injini iwe na kazi ya kufanya. Ukiiacha inaungurume bure siku nzima, mgandamizo ni mdogo, oili inapakaa ukutani na kutengeneza utando laini kama glasi, na ringi hazikai tena vizuri. Injini hiyo itakula oili maisha yake yote. Lakini ukiipiga resi ya mwisho kwa saa tano mfululizo siku ya kwanza, msuguano wa chuma kipya unaleta joto kubwa kuliko kinavyoweza kupozwa, na chuma kinaweza kuchubuana.

Kwa hiyo mpe kazi, lakini mpe na pumzi. Tanki mbili za kwanza, resi nusu mpaka robo tatu, maji yakitoka kweli. Badilisha resi kila baada ya muda, usiiache sauti moja. Baada ya nusu saa hivi punguza, iache iungurume chini dakika mbili tatu, zima, iache ipoe huku ukihamisha mpira kwenye majaruba mengine. Ukishamaliza tanki la tatu au la nne anza kuiongezea muda. Kitabu cha pampu yako kikisema tofauti na mimi, mfuate mwenye kiwanda.

Pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kila asubuhi. Injini mpya inaweza kunywa kidogo siku za mwanzo.

Halafu ile oili ya kwanza, usiing'ang'anie. Watengenezaji wengine wanataka ibadilishwe baada ya saa 5 za kwanza, wengi wanasema saa 20 au mwezi wa kwanza. Ukimwagilia saa 4 kwa siku, saa 20 ni siku 5 tu. Sio msimu, ni siku 5! Vijana wengi wananiambia, "Bwana shamba, oili bado nyeusi kidogo tu." Hatuimwagi kwa sababu ya weusi. Tunaimwaga kwa sababu ndani yake kuna unga wa chuma uliotoka kwenye kule kusuguana. Imwage injini ikiwa na uvuguvugu, kwenye beseni jeupe, uitazame juani. Mng'ao kama wa vumbi laini ni kawaida. Ukiona vipande vinavyoshikika kwa vidole, usiwashe tena, rudi dukani na kadi yako ya udhamini. Baada ya hapo badilisha kila saa 100 au miezi 6.

Oili chafu iweke kwenye galoni upeleke kwa fundi gereji. Usiimwage kingoni mwa mto, maana hayo maji ndiyo unayomwagilia, na kuna watu wanayanywa kule chini. Na tukiwa bado mtoni: kuchukua maji ya mto kwa pampu ya biashara kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Mwenye kibali halali usingizi wa mang'amung'amu kiangazi mgogoro wa maji ukianza.

Jambo lingine la saa hizi za kwanza ni nati. Mtetemo hulegeza nati za fremu, za ekzosi, na zile zinazoshika pampu kwenye injini. Kaza injini ikiwa imepoa, baada ya siku ya kwanza na tena baada ya wiki. Chujio la hewa nalo, kitabu kinaweza kusema lisafishwe kila saa 50, lakini kwa vumbi letu la Septemba lifungue kila wiki, hata mapema zaidi.

Nunua daftari la shilingi mia tano. Andika tarehe, saa ulizopiga, petroli uliyoweka, na siku uliyobadilisha oili. Daftari hilohilo litakwambia gharama ya maji kwa ekari, jambo ambalo wakulima wengi wa biashara wanalikisia tu.

Ikigoma kuwaka

Usianze na kabureta! Naomba. Kijana akiona injini haiwaki, kitu cha kwanza anachukua bisibisi anageuza skrubu za kabureta, na sasa ana matatizo mawili.

Anza na oili. Injini nyingi zina kitambuzi kinachokata moto wa plagi oili ikipungua, au pampu ikiwa imeinama. Inagoma makusudi ili isife. Kuna mafundi wanaukata waya wa kitambuzi hicho, injini inawaka, unamlipa, unamsifu. Umemlipa mtu aliyeondoa mlinzi. Kuuchomoa kwa dakika moja ili kupima, baada ya kuhakikisha oili imejaa na pampu imekaa sawa, ni sawa. Kuuacha hivyo, hapana.

Kisha angalia swichi na koki ya petroli. Usicheke, nimeshaitwa kilomita 14 kwa ajili ya koki.

Kisha fungua plagi uitazame, ina mengi ya kusema. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi, petroli haifiki: legeza nati ya chini ya kabureta uone kama petroli inatiririka, safisha kikombe cha uchafu, angalia kama tundu dogo la hewa kwenye kifuniko cha tanki limeziba. Ikiwa imelowa, umevuta sana na choki imefungwa. Ikaushe, fungua choki, resi mwisho, vuta mara kadhaa. Ikiwa na masizi meusi makavu, hewa haitoshi, chujio ni chafu au choki haifunguki yote. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo afya. Nafasi ya cheche kwenye plagi hizi kwa kawaida ni milimita 0.7 hadi 0.8.

Kupima moto, chomeka plagi kwenye kofia yake, igusishe chuma cha injini mbali na tundu lake, ishike kwa koleo lenye mpira, mwenzako avute kamba. Lakini futa petroli yote iliyomwagika kwanza, na usubiri ikauke. Cheche ya bluu inayosikika ni nzuri. Hakuna cheche, jaribu plagi mpya kabla hujalaumu koili.

Ikiwaka halafu ikazima baada ya dakika kumi au kumi na tano, mara nyingi ni lile tundu la kifuniko cha tanki. Petroli inatoka, hewa haiingii, mwisho inakata. Legeza kifuniko. Ukisikia inavuta hewa kisha inawaka vizuri, umeshampata mwizi.

Inaunguruma vizuri, maji hayaji

Hili ndilo tatizo ninaloitiwa kuliko yote, na karibu kila mara injini haina kosa. Ni hewa. Pampu hizi hazivuti maji kama mtu anavyovuta kamba ya kisimani. Zinapunguza hewa ndani ya mpira, halafu uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Tundu la ukubwa wa sindano kwenye mpira wa kunyonyea linatosha kuharibu mpango mzima, na tundu hilo halidondoshi maji ulione. Linaingiza hewa kimyakimya.

Kujua mwenye kosa ni nani, zima injini, ondoa mpira wa kunyonyea, jaza maji kwenye pampu. Washa kwa resi ndogo, kisha bandika kipande cha tyubu ya gari kwenye mdomo wa kunyonyea. Usitumie kiganja wala usiingize kidole. Tyubu iking'ang'aniwa kwa nguvu, pampu ni nzima, tatizo liko kwenye mpira, gasketi au chujio. Isipong'ang'aniwa, angalia gasketi ya tundu la juu la kujazia maji, sili, na kama kuna jiwe au kitambaa ndani ya pampu. Mpira wa kunyonyea wenyewe upake povu zito la sabuni kwenye viunganishi pampu ikivuta. Povu likimezwa mahali, ndipo hapo.

Sasa turudi kwenye ile namba ya tatu. Usawa wa bahari hewa inaweza kuyasukuma maji mita 10.3 tu, hata injini iwe ya trekta. Kwa sababu ya msuguano na uvujaji mdogo, watengenezaji wanaandika mita 7 au 8. Ukipanda mlima hewa inakuwa nyepesi, na unapoteza takriban mita moja kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa hiyo mkulima wa nyanda za Iringa aliye mita 1,500 juu ya bahari, pampu iliyoandikwa mita 8 aihesabie 6 na nusu. Injini nayo inapungukiwa nguvu kule juu, karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300. Pampu iliyosifiwa na binamu yako wa Bagamoyo inaweza kukutia aibu Ilula, na wala sio feki.

Pima kwa kamba yenye jiwe kutoka pampu ilipo mpaka usawa wa maji, na upime Oktoba maji yakiwa chini kabisa.

Na hapa naomba tusome taratibu. Mkulima akishagundua kisima chake kina mita 9 na pampu haivuti, wazo linalokuja ni kuishusha pampu ndani ya kisima. Anachimba kijukwaa, anafunga kamba, anaishusha, inavuta maji vizuri sana. Moshi wa petroli una gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi. Ndani ya shimo haina pa kwenda, na dakika chache zinatosha. Anayeshuka kwenda kurekebisha resi anaishiwa nguvu miguuni kabla hajajua kuna tatizo. Halafu kaka yake akiona kimya anashuka kumtoa, naye anabaki humohumo. Ndivyo vifo hivi vinavyokuja viwiliviwili na vitatuvitatu.

Pampu ya petroli haishuki kisimani, haiwashwi ndani ya kibanda kilichofungwa, wala kwenye handaki. Hata kwa dakika tano. Kama mwenzako ameshaanguka ndani, usimfuate. Piga kelele watu waje, zima injini kama unaifikia ukiwa juu, mvute kwa kamba kama ameifunga, na subiri wenye vifaa vya kupumulia. Najua ni neno gumu kumwambia mtu ambaye ndugu yake yuko chini.

Kisima kirefu dawa yake ni pampu ya kuzamisha ya umeme, jenereta ikibaki juu mbali na mdomo wa kisima, au ya sola. Bei yake ya kuanzia inauma, nakubali. Wapo wanaochangia watu wanne watano wa visima jirani, jenereta moja inazunguka.

Moshi na kupungua nguvu

Moshi mweusi: petroli nyingi hewa kidogo, safisha chujio, fungua choki. Moshi wa bluu: oili inaungua, yaani umejaza kupita kiasi, umeibeba pampu kwa kuilaza ubavu, au ringi hazikukaa. Ukilaza ubavu wakati wa kuisafirisha kwenye bodaboda, oili inaingia kwenye silinda. Iache isimame saa kadhaa kabla ya kuwasha. Kupungua nguvu polepole baada ya msimu mzima mara nyingi ni vali za injini. Nafasi zake ni ndogo sana, kwenye injini nyingi za aina hii milimita 0.15 ya kuingiza na 0.20 ya kutolea, injini ikiwa baridi. Hiyo mpeleke fundi mwenye kipimo, sio mwenye jicho.

Msimu ukiisha

Pitisha maji safi kwenye pampu dakika kadhaa kutoa mchanga, kisha fungua tundu la chini umwage yote. Toa petroli kwenye tanki na kwenye kabureta. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi huanza kuchacha, na ikikaukia ndani ya kabureta inaacha gundi inayoziba vitundu, ndiyo maana pampu nyingi hugoma kuwaka Juni. Fungua plagi, dondoshea kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda, vuta kamba polepole mara mbili tatu oili isambae, rudisha plagi. Malizia kwa kuvuta kamba taratibu mpaka uhisi uzito, uache hapo. Vali zote mbili zinakuwa zimefunga, na unyevu wa masika hauingii ndani.